Dirisha la Saa Tatu

Kinyama kilikuja ndani ya kichupa,
kidogo kuliko punje ya mbaazi,
na karatasi: mwanamke, miaka sitini na minane,
pafu la kulia, hajapata kuvuta sigara.
Jina nikalisoma mara mbili.
Mwanaharusi Shee, Guraya.

Ni mkono huu huu uliopenyeza sarafu
katika dirisha lake, nikienda shule:
mahamri manne, mbaazi kwenye bakuli la nyumbani,
naye nyuma ya moshi wa karai,
macho mekundu, kikohozi cha kuomba radhi.

Nikakata vipande vyembamba,
wembamba wa ganda la kitunguu,
nikavitia dawa igeukayo kahawia
palipo na kile tukitafutacho.
Kisha nikangoja,
kama mtu angojavyo mafuta yapate moto.

Katika kila chembe ya mwili mna jiko.
Amri hutoka chumba cha ndani, zimeandikwa,
kila moja imevaa kofia kichwani.
Mlangoni yuko bawabu. Vitabu vyamwita kianzishi,
maana pasipo yeye hapaanzi kitu:
hushika kofia, humwingiza mwenyewe jikoni,
na wapishi huitunga protini
ua kwa ua, kama mtunga asumini.

Mabawabu ni wachache, na uchache huo ndio afya.
Wenye maneno mafupi huingia kwanza.
Wale waliozongwa na utangulizi mrefu,
wenye kusema kua, gawanyika, jichimbie mishipa ya damu,
husimama nyuma, na mara nyingi siku huisha
hawajaitwa.

Chini ya darubini kipande chake
kilikuwa kahawia tupu,
kahawia ya hamri lililotimia,
la kuopolewa sasa hivi kabla halijaungua.
Mabawabu kila kona. Kila kofia imeshikwa.
Aliyekuwa nyuma yu jikoni, anaagiza,
na yule mlezi ambaye kazi yake
ni kumshika bawabu mkono, kumwambia basi,
amelegezwa vidole.

Daktari Nyale akainama, akatazama.
"Mengi," akasema, akaandika.
Nje mtu alikuwa akiosha ambulensi.

Nikaenda wodini, jambo lisilo kazi yangu.
Bintiye, Saumu, alinivuta kando:
Ni moshi? Ni ule moshi uliotusomesha?
Nikasema huenda. Nikasema hata wasiojua moshi hupata.
Maneno yangu hayakuwa na kofia;
hakuna mlango uliyoyapokea.

Mwenyewe alinijua kwa sauti.
"Ndoo. Si wewe yule wa mahamri manne
na deni la shilingi mbili?"
Akataka kujua. Nikamweleza hivyo hivyo, jiko na bawabu,
naye akasikiliza, mpira wa oksijeni puani,
akacheka, akakohoa, akacheka.
"Sasa huyo bawabu hana saa?
Mimi saa tatu nalifunga dirisha.
Aje kadhi, aje mtoto wa kadhi,
saa tatu na dakika moja ni mbao.
Donge lina tabia, mwanangu. Ukiliachia
laumuka hata libebe kifuniko,
wala si ubaya wake.
Hamira haijui kushiba."

Nikamwambia wako watu, mbali,
wanajaribu dawa ya kumfunga bawabu huyo.
Katika sahani za kioo. Katika panya.
"Panya," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyepigana nao
miaka arubaini juu ya gunia la unga.
Akafumba macho. Pafu la kushoto
likaendelea na kazi ya mawili.

Shilingi mbili nilikuwa nazo mfukoni.
Nilizigusa, zikapata joto la kidole.
Sikuzitoa.
Niliogopa kwamba kulipa
ni kulifunga dirisha mimi mwenyewe.