Mfereji wa Walukuba

Nyumba hii ya manispaa, hapa Jinja,
ina mlango wa bluu na mfereji unaovuja.
Miaka sita naufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli,
nikimlipa kodi mpangaji ambaye ni mpangaji kwa jina tu.

Leo karani kaniuliza: "Hadhi yako?"
Nikampa kadi ya mkimbizi, kingo zimelika.
Akaigeuza kama noti anayoishuku.

"Nyumba hizi ni za raia, Mama Nabintu.
Wewe una kiwanja Nakivale."

Ninacho. Kwenye karatasi.
Na nina mtoto ambaye hata ndotoni
huropoka Kisoga.

Nimerudi. Tyubu imelegea tena:
tone,
tone,
maji hayaulizi ndoo ni ya nani.