Ndugu wa Kufikia

Saa nane usiku, stesheni ya Tabora,
mabehewa ya Kigoma yanangoja ya Mwanza.
Mimi ndiye mwenye taa na glavu zilizotoboka,
naiashiria injini irudi nyuma, polepole,
polepole, nimesema —
gwa!
Kisha gwa-gwa-gwa, kishindo kinakimbia behewa kwa behewa
hadi la mwisho, la mizigo, lenye magunia ya dagaa,
nalo linashtuka peke yake gizani
wakati injini imeshanyamaza.

"Hapo," anasema Kalunde. "Hapo hapo."
Amekaa juu ya rundo la mataruma, kajitanda kanga ya mama yake.
Yuko likizo ya wiki mbili, na badala ya zawadi
kaniletea karatasi yenye picha moja tu:
madoa katikati, na huku na huku pembezoni
pinde mbili nyekundu, kama mabano
yaliyobaki baada ya mtu kufuta sentensi.

Vishada viwili vya galaksi, anasema, vimepenyana.
Nikauliza, nyota ngapi ziligongana?
Akacheka. Karibu hakuna.

Tulifunzwa wapiganapo tembo nyasi huumia.
Kule tembo hupishana, mkonga haugusi mkonga,
nyasi ndizo zinazopigana:
gesi nyembamba kuliko pumzi, kali kuliko tanuri lolote,
inasukumana, inakwama, inazaa wimbi la mshtuko
na wimbi linatoka nje, nje zaidi,
mpaka linapozikuta elektroni kuukuu,
zilizokwishapoa, zilizojisahau,
linaziamsha.
Zinajizungusha kwenye uzi wa sumaku, zinavuma.
Macho hayaoni kitu. Redio ndiyo inayojua.

Sikumwambia nilichokumbuka.

Mwaka ule baba alipomwoa mama yake,
nyumba mbili zikaingia moja, pale Cheyo,
watoto saba, vitanda vitatu.
Sisi hatukugongana. Tulipishana ukumbini alfajiri
kila mmoja na mswaki wake,
kufikia Krismasi tunaazimana viatu.
Kilichogongana ni hewa ya wakubwa:
sufuria ni ya nani,
picha ya marehemu mama yangu itundikwe ukuta upi.
Hakuna aliyepaza sauti, hata siku moja.
Ila shangazi Nyanzala, wa chumba cha uani,
mbali na yote hayo,
akaanza kunung'unika usiku
habari za ng'ombe watatu wa mahari
ambao hawakulipwa,
deni lililopoa kabla yetu kuzaliwa.
Alinung'unika miaka minne, hadi tulipomzika.
Tulidhani ni uzee.

"Zitavuma mpaka lini?" nikamuuliza.
"Zinapoa tena," akasema. "Kwao ni kitambo kidogo tu.
Kwetu sisi, hatutaziona zikizima."
Halafu akauliza kama bado kuna chai kwenye chupa.
Ilikuwepo, ya baridi. Akainywa hivyo hivyo.

Ya Mwanza yakaingia saa tisa na robo.
Fomu zangu zilikuwa zimekwisha,
nikageuza karatasi yake, nikaandika nyuma
namba za mabehewa, moja moja.
Aliona. Hakusema kitu.
Akanishikia taa
na mwanga ulipopenya karatasi
zile pinde zikajitokeza
katikati ya namba zangu,
moja upande wa injini,
moja upande wa dagaa.