Majirani Wanane

Kidude chenyewe ni cha chuma, hakizidi ngumi ya mtoto.
Ndani, almasi mbili zilizochongwa ncha
zinatazamana kama majogoo kabla ya kurukiana,
na katikati, mahali ambapo unywele ungelala kwa shida,
nimeweka chumvi ya mama.

Aliichemsha mwenyewe, Bahi, mwezi wa Agosti,
mbuga ilipokauka ikatoa ukungu mweupe:
akakwangua kwa kigae, akachuja kwenye chungu kilichotobolewa,
akakaa na moshi wa mgunga machoni
mpaka maji yakakubali kuondoka.
Alinifungia kwenye gazeti. "Ya mboga," alisema.

Nakaza skrubu robo. Nasubiri. Robo tena.
Nguvu si nyingi, ni ya vidole tu;
uwanja ndio mdogo,
mzigo wa bega zima umekalia punje moja.
Kando yake nimelaza chembe ya yakuti, ya Winza.
Nikiimulika hujibu kwa wekundu,
na inavyobanwa, wekundu wake unasogea.
Ndio mizani yangu. Haijui kudanganya.

Mara laki moja ya hewa tunayovuta hapa Ng'hong'hona.
Mara laki mbili.
Dirishani, vumbi la saa tisa.

Kwenye laki tatu chumvi inavunja safu.
Siku zote kila sodiamu ilikuwa na majirani sita.
Sasa wawili wengine wanabisha hodi,
na hakuna anayetoka.

Mwalimu Chilongola, kidato cha pili,
alituandikia: sodiamu mmoja, klorini mmoja,
ndoa ya kanisani, basi.
Hakutuambia kwamba ukizidisha klorini, ukabana, ukachoma kwa leza,
mmoja hukubali kuishi na watatu;
wala kwamba maji, haya ya kugombania ndoo,
yana barafu yake ya moto
iwezayo kukuunguza kidole.
Labda hakujua. Labda chaki iliisha.

Jumanne nilimpeleka mama hospitali.
Nesi akamfunga mkanda, akapuliza, akasikiliza:
mia na tisini kwa mia na kumi.
"Shinikizo liko juu, mama. Acha chumvi."
Mama alicheka mpaka nesi akanuna.
"Niiache vipi? Huyu unayemwona hapa
amesomeshwa na chumvi."

Shinikizo. Neno lilelile la daftari langu.
Njiani hatukusemezana.
Nilikuwa nahesabu mwaka ule baba alipokwenda Mererani:
mama na sisi watano, chumba kimoja, magoti kwa magoti,
kisha ukaja ukame,
wakaja wawili wa shangazi,
na hakuna aliyetoka.

Nalegeza skrubu. Robo. Robo.
Yakuti inarudi kwenye wekundu wake wa mwanzo,
chumvi inarudi sita kwa sita,
kana kwamba hakuna kilichotokea.
Vingi hurudi.
Kaboni iliyokwisha kuwa almasi ndiyo hairudi,
hata uifungulie mlango.
Naandika: Damari Ndahani, sampuli ya nne, imerejea.
Kalamu inabaki juu ya nukta.

Jioni napika mlenda bila chumvi, kama tulivyoagizwa.
Mama anaonja. Anaweka tonge chini.
Ananitazama kwa muda mrefu,
kisha anauliza:
"Lile gazeti langu umelipeleka wapi?"