Pikapu Kilimani

Nyumbani mtandao haufiki. Hufika kilimani tu,
kando ya tangi la maji la akina Kucera,
na huko Marlys Dvoracek hupanda na pikapu ya marehemu mumewe,
chupa ya kahawa, mbwa, daftari la hesabu za ng'ombe.
Ukiligeuza daftari juu chini, ukaanzia nyuma,
kuna majina ya madaktari wa akili.

La kwanza kalikata. Leseni yake ni ya Iowa,
na ugonjwa wa Marlys unakaa Nebraska;
kati yao mto mmoja, na sheria haijui kuogelea.
La pili: bima yako hatuichukui, mama.
La tatu: nafasi ipo Machi. Sasa ni Oktoba.
"Machi," akamwambia mbwa,
"ni mbali kwa mtu asiyelala."

Wa nne alimpata. Dakika kumi na mbili.
Daktari aliandika, kichwa chini,
utosi wake ndio uliomsikiliza Marlys.
Hamu ya chakula? Usingizi? Mawazo ya kujidhuru?
Kama karani wa mnada anayesoma namba masikioni mwa ng'ombe.
Alishuka kilimani ana dawa,
hana mtu.

Dada yake Arlene alisema: jikaze, kama Mama.
Naam, Mama alijikaza. Kisabuni.
Akaisha mikononi mwetu, povu tu.

Kwa wa tano aliuliza yeye kwanza. Alikuwa ameandika:
Nitakuona wewe, au kila mwezi uso mpya?
Laini ikikatika, nani humpigia nani?
Usiku ukinizidi, saa tisa, napiga wapi?
Dakta Renuka Sathe, aliyeko Omaha, akajibu moja moja,
hilo la mwisho polepole, tarakimu kwa tarakimu,
akangoja zinakiliwe.

Kisha kimya. Simu imeegemea usukani, picha imeganda.
Marlys akanyoosha kidole azime.
"Nipo," ikasema sauti. "Nangoja tu."

Nje, mahindi yameshavunwa,
mabua yamesimama, shingo bila vichwa.
Alitaka kueleza habari za Duane.
Akaeleza habari za pampu:
jinsi ilivyoganda, jinsi ilivyokohoa kutu,
jinsi alivyobeba ndoo usiku, ndama wakilia,
bomba, kifuniko, spana isiyoenea,
dakika ishirini nzima za pampu,
mpaka aibu ikamshika, akanyamaza.

"Na zamani," akauliza daktari, "ikiharibika,
nani alikuwa akiitengeneza?"

Mbwa akainua kichwa.
Hakuwahi kuisikia sauti ile ikitoka kwa bibi yake.

Jioni, mezani, aliligeuza daftari upande wake sahihi.
Chini ya uzito wa ndama namba arobaini na moja
akaandika: Alhamisi, saa nne, kilimani.
Akafikiri kidogo.
Akaongeza: jaza mafuta.