Kofia Kumi na Moja

King'ora kililia saa moja kasorobo ya jioni,
mimi nikiwa na unga hadi viwikoni.
Januari. Theluji imelala juu ya Lipowiec
kama shuka juu ya fanicha za nyumba iliyohamwa.

Zimamoto wetu ni wa kujitolea: mwokaji mikate,
mafundi matrekta wawili, mwalimu wa hesabu,
Jagna wa duka la dawa, vijana watano wa mashambani,
na kamanda Bogumił, dereva wa basi la shule,
mtu wa maneno mafupi kama tiketi zake.

Ghala la kiwanda cha mbolea lilishika moto
upande wa mkanda unaopandisha magunia.
Moshi haukuwa mweusi.
Ulikuwa rangi ya kutu, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
na ulipanda polepole, bila haraka yoyote na sisi.
Tukafungua maji. Yakapiga paa, yakawa mvuke,
yakaturudia barafu juu ya buti.

Ndipo mlinzi wa zamu akaja mbio, kichwa wazi,
karatasi mkononi: nitrati, tani mia nne na sabini.
Bogumił akaisoma chini ya tochi mara mbili,
kama mtu asomaye majibu ya hospitali.
Mwalimu alikwishapiga hesabu.
Hakumwambia mtu jibu.

"Acheni."
Tukadhani kelele za pampu zimetudanganya.
"Acheni mpira. Acheni gari. Tunaondoka."

Nimeona watu wakiambiwa ingia, wakaingia.
Hilo jepesi, miguu hulijua.
Lakini kuuambia mgongo wako uupe moto kisogo,
na wewe umevaa koti hili,
na mji mzima unatazama toka madirishani!
Kijana mmoja, Radek, alilia kwa hasira.
Kamanda akamshika ukosi kama paka abebavyo mwanawe.

Tukaufunga mpira kwa mnyororo kwenye nguzo ya uzio.
Tukauacha ukitema maji peke yake,
kama mtu anayeongea usingizini.

Kisha milango. Mtaa wa Stesheni, nyumba thelathini na nane.
Gonga, ita, beba.
Bibi Pelagia akasema hatoki bila bata bukini wake.
Bogumił hakubishana. Alirudisha basi la shule kinyumenyume
hadi kwenye banda, akafungua mlango wa nyuma,
na bukini tisa wakapanda mmoja mmoja,
wakaketi (naapa) kwenye viti vya darasa la kwanza.

Siku tatu tulilala ukumbini kijiji cha jirani,
tukisubiri mlio.
Kila mlango uliobamizwa, watu mia mbili walinyamaza.

Mlio haukuja.
Siku ya nne moto ulijifia wenyewe, ghala likabaki mbavu,
na nyumba zote thelathini na nane zilisimama
zikitutazama kama mashahidi wa upande wa pili.

Sokoni wakaanza: mashujaa wa mbio.
Mtu akachora ukutani kwetu, kwa chaki,
sungura aliyevaa kofia ya zimamoto.
Ukubwa ni jaa. Tuliona takataka zote zikimwagwa
juu ya mtu mmoja, naye hata chaki hakuifuta.
Alisema tu, siku moja, akifunga kamba za viatu:
"Heri lawama kuliko matanga."

Jioni ile ya kurudi aliingia kituoni,
akazitundika kofia misumarini kwa mikono yake,
akazihesabu kwa kidole, kwa sauti,
kama ahesabuvyo watoto kabla ya kuwasha injini.
Kumi na moja.
Akahesabu tena.

Mimi nilikwenda kufungua duka.
Kinyunya nilichokiacha kilikuwa kimeumuka,
kimefurika bakuli, kikamwagika, kikakauka juu ya meza
kigumu kama plasta,
na ndani yake, wazi kabisa, vidole vyangu vitano
vilivyochomolewa kwa haraka.
Nilikibandua taratibu. Sikukitupa.