Beji ya Mizinga Mitatu

Bi Doreen Uttley alinipa picha ndani ya kopo la biskuti:
Wewe mzoefu wa makaratasi, nisomee hii.
Wanaume kumi na mmoja, lori, na mbwa aliyegeuka
kamera ilipofumba jicho, kwa hiyo ana vichwa viwili.
Baba yake ni wa tatu kutoka kushoto. Clifford.
Nyuma, kwa penseli: Mimi na wenzangu, matope.
Mwaka hakuna. Matope hayana mwaka.

Todmorden nzima inajua Clifford alikuwa mpiga mizinga.
Beji ya kofia ina mizinga, huhitaji miwani kuiona,
na mwanamume akirudi vitani bila neno
watu humjazia maneno.

Nikapanda treni ya alfajiri. Kule Kew, kwenye nyumba ya nyaraka,
kabati lilimeza koti langu, kalamu yangu, mkate wangu.
Wakaniachia penseli na mfuko unaoonyesha kila kitu,
kama niliyekuja kumwona mfungwa.

Kwanza beji. Chini ya kioo cha kukuzia
mizinga ikawa mitatu, midogo, imepangwa kwenye ngao,
na juu yake tufe tatu kama punje za pilipili manga.
Wapiga mizinga wana mmoja tu, mkubwa, wenye gurudumu.
Mitatu ni ya watu wa bohari:
viatu, mablanketi, misumari, sufuria.
Nikatazama huku na huku
kana kwamba nimemvua mtu nguo.

Halafu lori. Bamba la mbele lina nambari ya kikosi
ila tarakimu ya mwisho imekatwa na goti la mtu.
Sita, au nane?
Mchana kutwa nilikaa na goti hilo.
Jalada la sita lilikuwa Misri, mchanga mtupu.
La nane pini yake ilikuwa imelia kutu karatasini:
shajara ya kikosi, Italia, Desemba, mvua.

*Mashati 3,112. Soksi hazikuhesabiwa.
Sabuni ya siku mbili imebaki. Bomba limeganda.
Mashati 40 yametengwa. Hayatakati. Yachomwe.*

Na chini yake, mwandiko wa ofisa anayesinzia:
*Madobi wangu hawajalala tangu Jumanne.*

Dobi.
Nililisoma kwa Kiingereza chao, likaitika kwa Kiswahili.
Neno la kibanda cha mjomba Shebwana, Pangani,
pasi ya mkaa, buluu ya kufulia,
kola ngumu za makarani wasiolipa hadi mwisho wa mwezi.
Lilitoka Bara Hindi likapanda meli mbili:
moja ikaja kwetu,
nyingine ikaenda jeshini kwao,
na sasa zimetia nanga juu ya meza moja
ambapo hairuhusiwi hata kunywa maji.

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno.
Nilipofika yote yalikuwa yamechanika, nikasema tu:
Alikuwa anafua nguo.

Bi Doreen hakulia. Alizima jiko.
Jumatatu, akasema, mlango wa uani ulifungwa kwa ndani.
Mama hakuguswa kufua hata shati moja la baba.
Sisi tulidhani ni kiburi.

Akanyamaza kidogo.
Yale arobaini, ndiye aliyeyachoma?

Sijui. Shajara haisemi nani.
Inasema saa, na kwamba petroli ilitumika galoni mbili.

Akainyanyua picha, akaisogeza dirishani,
kwenye mwanga ule haba wa bonde lao.
Hakutafuta uso. Alitafuta mikono.
Kumi wameiweka wazi, mabegani, kiunoni, kichwani kwa mbwa.
Clifford yake imo mifukoni.