Sura ya Nne

Msimamizi wa tasnifu ameandika pembeni, kwa wino mwekundu:
"Fasili uendelevu."
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika.
Umeme wa Pongwe ukakatika kabla sijahifadhi.

Asubuhi nikaenda korona,
mashine inayotafuna mkonge tangu babu yake Shebughe ni kibarua.
Jani linaingia zima, na mwiba wake kichwani,
linatoka singa chache nyeupe;
kilichobaki ni uji,
unateremka mtaroni ukinuka kama pombe iliyosusiwa.
"Asilimia nne tu ndiyo mali," nikasema.
"Tisini na sita tunaimwaga."
Shebughe hakuacha kuilisha mashine.
"Mimi naivuta puani yote mia," akasema.

Nilikuja na slaidi ishirini na mbili:
mtambo wa gesi wenye mishale ya buluu,
jedwali la mtaji, faida ya mwaka wa tatu, wa tano.
Ukuta wa ofisi ya kijiji ni wa udongo,
mishale yangu ikageuka kahawia.
Mtu akapiga miayo. Kuku akakatiza katikati ya faida.

Ndipo Mwanamvua, anayewapikia wakataji,
akasimama, unga bado mkononi:
"Gunia la mkaa linakimbilia bei ya mbuzi.
Hiyo hewa yako
inaivisha maharage ya watu arobaini kwa muda gani?"

Sikujua.
Miaka miwili ya uzamili, marejeo mia na kumi,
na sikujua habari ya maharage.

Sasa sura ya nne ina sufuria.
Tumefukia pipa nyuma ya jiko lake,
tukalilisha uji wa korona na samadi ya jirani.
Siku ya kumi na tisa akawasha kibiriti, akageuza uso:
mwali mdogo, buluu
ileile iliyonipotea ukutani.
Saa mbili na dakika kumi, maharage yakaiva.
Wiki iliyofuata bomba likavuja,
wakataji wakala mihogo ya kuchoma, wakanitazama.
Hilo nalo nimeliandika.

Juzi kaniuliza pipa la pili ni shilingi ngapi,
maana mafundi wa gereji nao wanataka chai.
"Na usinichoree mishale," akasema.

Wino mwekundu umerudi: "Chanzo?"
Nimejaza:
Mwanamvua, mazungumzo ya jikoni, Pongwe,
huku akichambua mchele.